Je, wajua kwa nini filamu za dinosaria husimuliwa kana kwamba mpiga picha alikuwepo?

Tyrannosaurus anaigeukia kamera, anafumbua kinywa, ananguruma, na matone ya mate yanatapakaa kwenye kioo cha lenzi. Tukio hilo limo katika Walking with Dinosaurs, mfululizo wa BBC wa mwaka 1999 wenye sehemu sita, na ukilitazama bila kufikiri sana utamhurumia mpiga picha. Lakini Tyrannosaurus wa mwisho alikufa miaka milioni 66 iliyopita. Huyu wa kwenye skrini ni kazi ya kompyuta na vikaragosi. Kuna watu walioketi wakaamua kwamba lenzi ichafuke, ingawa hapakuwa na mnyama wa kuichafua.

Walifanya hivyo kwa sababu macho yetu yamefundishwa. Kwa miongo mingi tumewajua simba, nyumbu na duma kupitia filamu za wanyamapori, na filamu hizo zina alama zake: picha inayotikisika kidogo kwa kuwa mnyama yuko mbali, jani linaloziba nusu ya skrini, kamera inayochelewa nukta moja na kumkuta duma ameshachomoka. Hakuna aliyetuambia kwamba hizo ni alama za ukweli, lakini tukiziona tunaamini. Katika sinema ya kubuni, kamera hujua jambo litatokea wapi, ikawa imeshafika na kusubiri. Porini kamera haijui. Watengenezaji wa mfululizo ule waliwapiga dinosaria picha kwa kamera isiyojua.

Hata mandhari walikwenda kuyatafuta. Walisafiri hadi New Caledonia, Chile na misitu ya miti mirefu ya California, wakarekodi mabonde na fukwe tupu ambazo baadaye zilijazwa wanyama. Shida yao kubwa ilikuwa nyasi. Katika enzi za dinosaria nyasi hazikuwa zimetanda ardhini kama leo, kwa hiyo mahali pazuri kwa kila kitu kingine paliweza kukataliwa kwa sababu ya nyasi tu.

Alama nyingine imo katika sarufi, nayo ndiyo inayonivutia kuliko zote. Msimulizi, mwigizaji Kenneth Branagh, anazungumza kwa wakati uliopo: mnyama ana njaa, anawinda, anajeruhiwa, anakufa. Bibi akitusimulia ngano hatumii wakati huo. Hapo zamani za kale palitokea sungura, akaenda, akaona, akarudi. Ile -ka- humwambia msikilizaji kwamba mambo yalikwisha, na kwamba yupo mtu anayeyapanga yafuatane. Tena kabla ya yote huita, "Hadithi, hadithi!" na watoto huitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kwa maneno hayo machache, msimulizi na wasikilizaji wamekwisha kupatana juu ya kitakachofuata.

Filamu ya wanyamapori haina mlango wa namna hiyo. Inakuingiza moja kwa moja katika -na-: jike anakaribia kiota, anasita, ananusa. Huo ndio wakati wa mtangazaji wa mpira redioni, anayekueleza anachokiona sasa hivi. Ujaribu kuusahihisha ili useme kile tu ambacho mifupa inakijua, na utapata kitu kama hiki: "Mnyama huyu, ambaye huenda alikuwa jike, huenda alirudi kwenye kiota hiki, ikiwa mayai yaliyokutwa karibu naye yalikuwa yake." Kila neno ni kweli, na baada ya dakika tatu sebule nzima imehamia chaneli nyingine. Wanaotengeneza filamu hizi hulazimika kuchagua, nao huondoa "huenda" karibu zote.

Sasa vitendo vyenyewe hutoka wapi, maana mfupa hauwindi wala haunusi? Sehemu kubwa hutoka kwa ndugu walio hai. Ndege ni wazao wa dinosaria, na mamba ni binamu zao wa karibu. Tabia ikionekana kwa ndege na kwa mamba pia, inaelekea babu yao wa pamoja alikuwa nayo, na dinosaria waliirithi. Mamba jike hulinda kiota chake, na kila aliyewahi kupeleka mkono kwa kuku anayeatamia anamjua vizuri. Kwa hiyo dinosaria anayesimama juu ya mayai yake kwenye skrini si ndoto ya mtu. Kuna hoja nyuma yake.

Hoja hizo hazina uzito mmoja, ila kwenye skrini zote zinang'aa sawasawa. Chukua Carnotaurus wa Prehistoric Planet, mfululizo wa mwaka 2022 uliosimuliwa na David Attenborough, ambaye sauti yake tuliizoea miongoni mwa gorila wa milimani wa Rwanda katika Life on Earth ya mwaka 1979. Carnotaurus dume anafagia uwanja wake, kisha anacheza mbele ya jike akipunga vijimkono vyake vifupi. Tunajua kutokana na mifupa iliyopatikana Argentina kwamba mikono yake ilikuwa midogo mno, na kwamba kifundo cha bega kiliiruhusu kuzunguka sana. Mifupa inaishia hapo. Kufagia na kucheza ni mambo ya ndege wa leo, aliyeazimwa na kuvikwa mwili wa mnyama mwenye pembe. Nalipenda sana tukio lile, na nadhani ni la haki: limeanza na swali la kweli, yaani mikono ile ilikuwa na kazi gani.

Liopleurodon wa mwaka 1999 ni jambo jingine. Yeye hakuwa dinosaria bali mtambaazi wa baharini, na sehemu ya tatu ya mfululizo inafunguka akiruka kutoka majini na kumnyakua dinosaria aliyesimama ufukweni, kama wafanyavyo nyangumi wauaji wanaojirusha kwenye fukwe za Patagonia kukamata simba-bahari. Msimulizi anampa urefu wa mita 25. Mifupa yake inayojulikana humfanya mnyama wa mita sita au saba hivi. Zile mita nyingine zilitokana na makisio juu ya vipande vya mifupa ambavyo havikuwa na uhakika, nazo zikatamkwa kwa sauti ileile tulivu iliyotamka mambo yaliyothibitika. Kizazi kizima cha watoto kilikua kikimwogopa mnyama wa mita 25.

Kisha kuna mkondo wa kisa. Kwa kawaida hufuatwa mmoja: kifaranga anayetoka kwenye yai, dume mzee anayesafiri kwenda kutafuta jike, mama mwenye watoto wakati wa ukame. Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, kwa kawaida ni habari ya siku moja, siku ya kufa. Filamu inahitaji siku zilizotangulia, na inazikopa kutoka filamu za simba na tembo, ambazo nazo zimepangwa. Yule simba jike mmoja unayemfuata kwa saa nzima pengine ni simba kadhaa waliorekodiwa kwa nyakati tofauti wakaunganishwa. Sauti ya kwato na ya mfupa unaovunjika mara nyingi hutengenezwa studioni, kwa sababu lenzi huona mbali kuliko kinasa sauti kinavyosikia. Dinosaria wa skrini, basi, anaiga simba wa skrini.

Kwamba kisa kinaweza kumchafulia mnyama jina, hilo lilitokea kweli. Mwaka 1923 watafiti wa Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Asili, wakiwa katika jangwa la Gobi nchini Mongolia, walikuta mifupa ya dinosaria mdogo asiye na meno juu ya mayai. Mayai yale yalidhaniwa kuwa ya Protoceratops, mla majani aliyekuwa mwingi mahali pale. Kisa kikajitunga chenyewe: mwizi amefumaniwa. Mwaka uliofuata Henry Fairfield Osborn, mkuu wa makumbusho hayo, akampa jina la Oviraptor, yaani mnyang'anyi wa mayai. Osborn mwenyewe alitahadharisha kwamba jina hilo lingeweza kupotosha kabisa. "Huenda" yake ilibaki kwenye karatasi ya wataalamu, na mwizi akaenda kuishi katika vitabu vya watoto.

Alikaa humo takriban miaka 70. Mwaka 1993, huko huko Mongolia, lilipatikana yai la aina ileile likiwa na kijusi ndani, na kijusi kilikuwa cha jamii ya Oviraptor. Baadaye ikatangazwa mifupa ya ndugu zake waliokufa wakiwa wameketi juu ya viota, mikono imetandazwa kuyafunika mayai kama kuku anavyotandaza mbawa. Aliyeitwa mwizi alikuwa mzazi. Kanuni za kutaja majina ya viumbe haziruhusu jina libadilishwe kwa sababu tu maana yake imekuwa ya uongo, kwa hiyo ataendelea kuitwa mnyang'anyi.

Nafurahi kuona mtindo wa kusimulia ukianza kubadilika. BBC iliporudisha Walking with Dinosaurs mwaka 2025, kila sehemu ilimfuata dinosaria mmoja na pia wachimbaji wanaofukua mifupa, ili mtazamaji aone kisa kimetoka udongoni mahali gani. Tukiyaona makoleo na brashi, tunaweza kupima wenyewe.

Na kwa habari ya makoleo, Tanzania ina kisa chake. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, ukapeleka Berlin zaidi ya tani 200 za mifupa. Mmoja wa wanyama wale, anayeitwa sasa Giraffatitan, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha mita 13 na zaidi. Zamani alihesabiwa kuwa Brachiosaurus, dinosaria mwenye shingo ndefu, na kwa miaka mingi umbo la Brachiosaurus unalolijua vitabuni lilichorwa kwa kumtazama yeye. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na dinosaria mmoja wa Tendaguru, Australodocus bohetii, alipewa jina lake mwaka 2007. Mamia ya vibarua walifukua, wakafunga mizigo, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji. Wala hakuna haja ya kuchafua lenzi ili tuamini kisa hicho. Picha za wachimbaji zipo, wamesimama ndani ya mashimo kando ya mifupa iliyowazidi urefu. Siku ile kamera ilikuwepo.