Sola hufuata mwanga, si joto
Hapa Lamu, kaskazi ikikolea na jua la mchana likichoma, wengi huamini kuwa ukali wa joto ndio unaojaza betri ya sola. Inaeleweka, maana joto na mwanga hutufikia pamoja.

Kinachofanya kazi ni mwanga. Mwanga ukigonga fuwele za silikoni zilizo ndani ya paneli, elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, huachia pale zilipofungika na kuanza kutembea. Ndio umeme wenyewe. Mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, huweza hata kuzing'oa zikatoka nje kabisa. Wanasayansi hupima kasi na mwelekeo wa elektroni hizo, wakajua zilivyojipanga ndani ya fuwele. Kwangu hili ni jambo la ajabu sana.

Joto hupunguza umeme: paneli ikizidi nyuzi 25 za Selsiasi, kila nyuzi moja huila takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu.

Jaribu mwenyewe. Funika paneli kwa mkeka tangu alfajiri, chomoa nyaya, unganisha mita ya volti, kisha saa nne ifunue. Paneli ya betri ya volti 12 itaanza karibu na 21, halafu namba itashuka taratibu kadiri kioo kinavyopata moto. Ndiyo maana fundi mzuri hailazi paneli juu ya bati. Huiinua kidogo, upepo wa bahari upite chini yake.