Mkoba wa shule haupindishi uti wa mgongo
Mtoto akigunduliwa ana skoliosisi, yaani uti wa mgongo uliopinda kuelekea ubavuni, lawama huangukia mkoba mzito au kukaa vibaya. Si kweli. Mkoba huweza kuumiza mgongo, haupindishi uti. Takriban visa 8 kati ya 10 havina chanzo kinachojulikana, ingawa urithi huchangia. Kumkaripia mtoto "kaa wima!" hakumtibu, kunamwongezea aibu tu.

Tiba hutegemea ukubwa wa mpindo kwenye eksirei na muda wa kukua uliobaki. Mpindo mdogo hufuatiliwa tu. Ukifika kati ya nyuzi 25 na 40, mtoto anayekua huvalishwa bresi, vazi gumu la kuzuia mpindo usizidi, na kadiri anavyolivaa kwa saa nyingi ndivyo linavyosaidia zaidi. Upasuaji hufikiriwa karibu na nyuzi 50.