Elimu kwa umma: Kabla hujaandika "utafiti umethibitisha"

Kuanzia muhula huu kitengo chetu cha utafiti na uchapishaji kinakagua rejea za kila tasnifu, yaani kazi za wengine ambazo mwandishi anasema amezitegemea, kabla haijapelekwa kwa mtahini wa nje. Malalamiko yametufikia kutoka pande mbili. Watahini wanarudisha kazi zenye rejea zisizopatikana popote. Upande wa pili, ambao ndio ulionifanya niandike kwa umma badala ya kubandika tangazo ubaoni, ni viongozi wa jumuiya za watumia maji wanaotuletea kurasa zilizochapwa kutoka kwenye simu, wakitaka tuwathibitishie kwamba "utafiti umeshasema" maji yao hayana tatizo.

Nitatumia mfano wa floraidi, madini ya asili yanayoyeyuka majini na kuharibu meno yakizidi, kwenye maji ya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, kwa sababu hapo daktari, mtaalamu wa miamba na mkutubi hukutana wapende wasipende. Makala ninazozungumzia ni za jarida la kitaaluma, yaani jarida linalochapisha tafiti baada ya wataalamu wengine kuzipitia.

Mlima Meru, Kilimanjaro na Oldoinyo Lengai ni volkano za eneo la Bonde la Ufa, na miamba na majivu yake yana floraidi nyingi. Lakini floraidi kuwa kwenye mwamba haitoshi. Maji ya huko yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo; kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeishika floraidi na kuituamisha. Haipo, basi floraidi inabaki majini hadi kwenye ndoo. Hali hii hubadilika kutoka tabaka moja la ardhi hadi jingine, kwa hiyo visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Namba ya kisima cha jirani si namba ya kisima chako. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili, maana barua nyingi tunazopokea zinaanzia hapo.

Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yangali yanajijenga ndani ya fizi, yaani hadi kama miaka 8, huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na hali ikizidi jino lenyewe humeguka. Mtu aliyehamia Arusha akiwa mtu mzima meno yake hayatapata madoa hayo, ingawa mifupa inaweza kukakamaa na kuuma akinywa floraidi nyingi kwa miaka mingi. Na tafadhali: kuchemsha hakuondoi floraidi. Klorini nayo haiondoi. Ukichemsha unaua vijidudu, mvuke unaondoka, floraidi inabaki sufuriani kwenye maji yaliyopungua. Tumelisema hili mara nyingi, na bado tunaulizwa maji yachemke kwa dakika ngapi. Njia zinazofanya kazi zipo, kama kuchuja kwa chenga za mifupa iliyochomwa, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto wilayani Arumeru kimeifanya kwa muda mrefu, au kutumia shabu na chokaa kwa njia iliyotokea Nalgonda, India.

Sasa twende kwenye rejea zenyewe. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha floraidi cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Haukuwa uzembe. Kingewekwa kiwango kikali, vyanzo vingi vya kaskazini vingefungwa na watu wasingekuwa na pengine pa kuchota. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa tangu 1984.

Chukua makala ya miaka ya 1980 inayosema maji ya chanzo fulani "yako ndani ya kiwango cha taifa". Tuseme mwandishi alipima akapata 6, akalinganisha na 8. Hakudanganya. Miaka 20 baadaye mtafiti mwingine anamnukuu lakini anaiacha namba: "chanzo hicho kinakidhi kiwango". Wa tatu anamnukuu wa pili bila kumsoma wa kwanza. Kiongozi wa jumuiya anamsoma wa tatu kwenye simu. Katika mnyororo wote huo hakuna aliyetunga uongo, na watoto wanakunywa floraidi mara nne ya kiwango cha leo.

Ndiyo maana tunadai namba, kizio, mwaka wa kupima na kiwango kilichotumika kulinganisha. Neno "salama" bila hivyo vinne, kwetu halipiti.

Mwongozo huo wa Shirika la Afya Duniani nao hunukuliwa nusu. Wote huandika 1.5, lakini maelezo yanayofuatana na namba hiyo huachwa: kwamba nchi inapoweka kiwango chake izingatie watu wanakunywa maji kiasi gani, hali ya hewa, na floraidi inayoingia mwilini kwa njia nyingine. Kwa kaskazini mwa Tanzania hiyo njia nyingine ina jina, ni magadi. Tafiti za miaka ya 1990 mkoani Kilimanjaro zilikuta watoto wenye madoa makali katika vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo, na magadi ya kulainishia maharage na kande yakaonekana kuhusika. Mtaalamu wa miamba aliyepima maji peke yake yuko sahihi kwenye maji, na bado hajaeleza meno ya mtoto yule. Daktari akimnukuu kana kwamba amemaliza kila kitu, kosa ni la daktari.

Msidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1980 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha barua ya sentensi tano. Waandishi wake waliangalia kumbukumbu za wagonjwa 11,882 waliopewa dawa kali za maumivu wakiwa hospitalini, wakakuta wanne tu waliotumbukia kwenye uraibu. Barua haikusema lolote kuhusu mtu anayemeza dawa hizo nyumbani kwa miezi. Mwaka 2017 watafiti walihesabu kazi 608 zilizoinukuu. 439 kati yake ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na nyingi hazikutaja kabisa kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Madhara ya dawa hizo Marekani, uraibu na vifo vingi, yanajulikana. Kuna pia Simkin na Roychowdhury wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, waliofuatilia makosa ya uchapaji ndani ya rejea. Kosa lilelile la namba ya ukurasa linapojirudia kwa waandishi wengi, maana yake wamenakiliana. Mwaka 2003 walikadiria kwamba ni takriban mmoja kati ya watano wanaonukuu ndiye aliyesoma kazi yenyewe.

Jiolojia nayo ina kisa chake. Kwa zaidi ya miaka 20, Vishwa Jit Gupta wa Chuo Kikuu cha Panjab alichapisha visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, alivyodai vimetoka milima ya Himalaya. Mwaka 1989 John Talent wa Australia alieleza katika jarida la Nature kwamba baadhi vilifanana mno na vile vinavyouzwa kutoka Morocco, na kwamba maelezo ya mahali vilipookotwa yalikuwa hafifu kiasi kwamba hakuna angeweza kurudi hapo kuhakiki. Wakati huo kazi hizo zilikuwa zimeshanukuliwa na wengi, na ramani za umri wa tabaka za miamba zimezitegemea. Tunaposisitiza kila sampuli iwe na viwianishi vya GPS, kina na tarehe, tunakumbuka kisa hiki. "Karibu na mto Maji ya Chai" si mahali. Mto ni mrefu.

Makala ikifutwa na jarida, yaani jarida likitangaza kwamba haipaswi kutegemewa tena, haitoweki mtandaoni. Ile ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, iliyotegemea watoto 12, ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na hadi leo tunakutana nayo kwenye ujumbe wa kusambazwa. Angalia ukurasa wa jarida lenyewe: iliyofutwa huwekewa alama juu ya kichwa cha habari. Hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa, ni ya bure. Haichukui dakika mbili.

Kuhusu wingi wa manukuu kama kipimo cha ubora nitasema kidogo. Eugene Garfield, aliyeasisi faharasa ya manukuu ya kisayansi, orodha ya nani amemnukuu nani, iliyoanza kutoka miaka ya 1960, alikusudia kumsaidia msomaji kufuatilia wazo lilikotoka na lilikoenda. Alama ya jarida iliyozaliwa humo inaeleza wastani wa mara ambazo makala za jarida hilo hunukuliwa. Haikwambii kama makala uliyoshika ni ya kweli. Barua ile ya sentensi tano ilikuwa kwenye jarida lenye alama za juu sana.

Nageukia taratibu, ambako ndiko tunakopoteza muda mwingi zaidi. Utafiti wowote unaogusa afya ya watu Tanzania Bara unahitaji kibali cha maadili, na kwa ngazi ya taifa kinashughulikiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Zanzibar ina mamlaka yake. Kibali cha Bara hakivuki maji. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Baada ya hapo kuna barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Mpangilio ni huo, kutoka juu kwenda chini. Ukianza na mwenyekiti wa kijiji kwa sababu ni mjomba wako utarudishwa.

Wanajiolojia hutuambia, "Mimi nachukua maji na mawe tu, maadili ya nini?" Ni kweli, hadi pale unapomwambia mtoto wa shule afungue mdomo umpige picha. Hapo umeingia kwenye utafiti wa afya ya binadamu, tena kwa mtoto, na unahitaji ridhaa ya mzazi kwa maandishi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Picha yenye sura yake pamoja na jina la shule ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Damu, mkojo au meno yakipelekwa nje ya nchi yanahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli. Miamba nayo haisafirishwi kiholela; ulizia ofisi ya madini ya mkoa kabla hujafunga boksi. Na kibali cha maadili hakirudi nyuma. Data iliyokusanywa Januari haihalalishwi na kibali cha Machi, hata kama ucheleweshaji haukuwa wako.

Ukaguzi wetu uko hivi. Tunachagua rejea kadhaa kutoka kila sura, bila kukutaarifu ni zipi, na unatakiwa kutuonyesha nakala kamili ya kila moja pamoja na ukurasa ulikotoa dai lako. Muhtasari peke yake haukubaliwi. Rejea ikikosewa mwaka au herufi, unasahihisha ndani ya siku 14. Ikigundulika umenukuu kupitia mtu mwingine bila kusema hivyo, sura nzima inakaguliwa upya. Ikiwa makala imefutwa nawe umeitegemea, unaandika maelezo na msimamizi wako anasaini. Rejea ambayo haipo kabisa inapelekwa kwenye kamati ya nidhamu ya kitaaluma, na tasnifu inasimama hadi kamati ikae, jambo ambalo kwa kawaida lina maana ya kukosa mahafali ya mwaka huo.

Hili la mwisho limeongezeka tangu wanafunzi waanze kutumia programu za akili unde. Hatujazikataza. Programu hizo huweza kutoa jina la mwandishi anayeishi, jarida lililopo na kichwa cha habari kinachovutia, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa na yeyote. "Mwalimu, mimi nilidhani imetoka kwenye intaneti" haitakuwa utetezi. Weka namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, kwenye doi.org uone kama inakupeleka kwenye makala hiyo. Isipokupeleka, au ukifika kwenye makala nyingine, tafuta kwenye jarida lenyewe, na ukikosa huko pia, iondoe.

Kwa viongozi wa jumuiya za watumia maji: msituletee makala, leteni majibu ya maabara ya maji yenu. Chupa iwe ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa floraidi inaweza kuathiriana na kioo. Isuuzeni mara tatu kwa maji yaleyale ya chanzo, ijazeni, andikeni juu yake jina la chanzo, tarehe na saa, kisha ipelekeni maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyo karibu. Pimeni masika na kiangazi, kwa sababu namba inaweza kubadilika. Mkishapata majibu ya misimu yote miwili, leteni nakala kitengoni, tutawasomea bila malipo. Tutawaambia pia kama ile makala mliyoichapa ilizungumzia kisima chenu au cha watu wengine.