Pikipiki ya zamani kuipa sura yake: maneno ya gereji na ukweli wenyewe

Huku kusini mwa Tanzania pikipiki za zamani ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Zunguka Masasi, Ndanda, Newala, Nachingwea, rudi mpaka Lindi mjini, utazikuta nyuma ya nyumba zimeegemea mkorosho na kuku anataga kwenye siti: Yamaha DT, AG100, Honda XL, Suzuki TF, CG125 zile za mwanzo mwanzo. Nyingi zilikuja na miradi na misheni, mabwana shamba na manesi wakazipanda miaka na miaka, zikachoka, zikaachwa hapo. Mimi na jamaa zangu hapa Mtwara tunazifufua na kila moja tunaipa sura yake ambayo hutaikuta kwingine, na naipenda hii kazi mno. Kinachoniuma ni kwamba mashine nzuri zinauawa na vijana wenye nia njema kabisa, kisa maneno tunayopokezana gereji bila mtu kuyapima.

La kwanza ni lile la "anza na grainda, mengine yatajipanga", yani ile mashine ya kukatia chuma. Kijana kaona picha kwenye simu, kafe resa, ile pikipiki ya mtindo wa mbio, ina mkia mfupi, siti imenyooka, jioni hiyo hiyo kashakata fremu nyuma, asubuhi anagundua shokapu zilikuwa zimeshikwa pale pale alipokata. Ukweli ni kwamba grainda inakuja mwishoni mwishoni. Mashine kwanza iwake, ikimbie, isimame kwa breki zake mbili, uipande hivyo hivyo na ubaya wake hata wiki mbili ndo utajua inavuta upande gani na inatetemeka wapi. Alafu unaifungua yote na unakagua fremu. Ya mwisho niliyofanya ni DT iliyotoka Nanyamba, rangi ya fremu kwa nje safi mpaka mwenye nayo akaniambia hiyo usiiguse. Nikachukua nyundo ndogo nikaanza kugonga taratibu kuanzia shingoni nikishuka, bomba linalia ting, ting, ting, nilipofika chini karibu na pini inayoshika mkono wa tairi la nyuma likalia puf, kama unagonga debe lenye mchanga. Nikasukuma kwa ncha ya bisibisi, ikazama ndani. Kutu ilikuwa imelila bomba kutokea ndani, nje imebaki rangi na ganda jembamba. Fikiria ningefupisha mkia, nikapiga rangi, nikaipandisha mtu na mwenzake nyuma.

Na shingo ya fremu ndo kabisa usiichezee kwa kubahatisha. Ukirefusha shokapu za mbele ili ifanane na chopa, ile yenye mbele ndefu iliyolala, unabadilisha pembe ya usukani, barabara ya lami iliyonyooka utaisifu, ila kwenye kona za mchanga mbele inakuwa nzito na haitii.

Sasa hili la pili naomba usome polepole. "Tangi likiwa tupu halina hatari, chomelea tu." Hapana jamani. Petroli kama petroli, ile ya maji maji, siyo inayolipuka, kinacholipuka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa, na unahitaji mvuke kidogo sana, asilimia kama 1.4 mpaka 7 hivi ya hewa iliyomo inatosha. Tangi lililojaa mpaka mdomoni halina nafasi ya hewa, ila hilo tupu ndo limejaa mchanganyiko wenyewe. Hata lililokaa mwaka mzima bila kutiwa kitu, ile gundi ya petroli ya zamani iliyoganda kwenye kutu ikipata joto la moto inaanza kutoa mvuke upya. Nimeliona kwa macho yangu, gereji siitaji, tangi limekaa miezi juani, fundi kaweka moto kwenye kitobo kidogo kama cha sindano, tukasikia mlio mzito, tangi likavimba kama mpira na kifuniko kikaruka juu ya bati. Alipona kwa kuwa alikuwa ameinamia upande mwingine kuokota fimbo ya kuchomelea. Alikaa chini akashindwa kuongea.

Linaloshwa kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi, sio mara moja, alafu unalijaza maji mpaka karibu kabisa na pale penye kitobo ili hewa ibaki kidogo mno, mdomo ukiwa wazi, na hiyo kazi anafanya mtu aliyezoea matangi. Kama tatizo ni kutu tu basi hata moto hauhitaji: siki nyeupe ijae, iache siku moja au mbili, weka na konzi ya nati za zamani utikise, mwaga, suuza na maji yenye magadi soda ili kuua ile asidi, kausha haraka na upake oili ndani siku hiyo hiyo, la sivyo kutu inarudi ukiwa unaangalia.

Tukija kwenye ekzosi, aisee hapa ndo tunabishana kila siku. Watu wanaamini kelele ndo nguvu. Kwa DT, TF na AG100, ambazo ni tu-stroki, zile za oili kuungua pamoja na petroli, ukikata ekzosi unaipunguzia nguvu, yani unaikata miguu. Hizi injini hazina valvu ya kufunga tundu la kutolea moshi, kwa hiyo petroli mpya ikiingia nyingine inataka itokee huko huko kwenye ekzosi kabla haijaungua. Lile tumbo nene la ekzosi limechongwa vile kwa makusudi, moshi ukitoka unapeleka wimbi la mgandamizo, wimbi linagonga pale tumbo linapobanana linarudi, linaisukuma ile petroli iliyotaka kutoroka irudi kwenye bloku, ndo pistoni inapanda kuifunga. Kata hilo tumbo uone, kelele mtaa mzima na mlima wa Mikindani inapanda kwa gia ya kwanza.

Kwa fo-stroki, zile zenye valvu, kama CG na XL shida inakuwa nyingine. Ukifungua ekzosi ikawa wazi alafu ukatoa boksi la filta ukaweka kale kafilta ka duara, hewa inaongezeka na petroli inabaki ile ile, injini inachemka mpaka bomba la moshi linageuka bluu. Mtu anasema imepata moto, kumbe inaungua. Inabidi jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, ipandishwe namba moja mbili. Kipimo ni plagi: peleka mashine barabara ndefu, fungua mafuta ya kutosha, kata klachi na uzime hapo hapo, ifungue uangalie. Nyeupe kama chokaa, petroli haitoshi. Nyeusi ya masizi, imezidi. Unachotaka ni rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri. Na kuiondoa filta kabisa usithubutu, vumbi letu la Newala likiingia linasaga ringi na bloku kama msasa, msimu mmoja tu unaanza kuona moshi.

Hapo hapo kuna wanaosema tu-stroki ukizidisha oili ndo unailinda. Ni kinyume kabisa, na watu hawalitegemei hili: jeti inapitisha kiasi kile kile, oili ikizidi humo maana yake petroli imepungua, injini inazidi kuwa na joto, juu yake masizi yanaziba ekzosi. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine yako na aina ya oili unayotumia, na kama pampu ya oili bado nzima iache ifanye kazi.

"Spea za zamani hazipo." Kwa baadhi kweli utahangaika, ila CG125 mbona tunayo barabarani kila siku. Honda waliitoa mwaka 1976 baada ya kuona wateja wa nchi kama zetu wanabeba mzigo kupita kiasi na oili hawabadilishi kwa wakati, wakaachana na cheni ya taimingi wakaweka fimbo za kusukuma valvu, injini ngumu isiyodeka. Wachina wakaiiga, ndo maana bodaboda nyingi zinazopita hapo nje injini yake ni ukoo ule ule, na pistoni ya 125 unakuta ni milimita 56.5 kama ya Honda. Sio kila kitu kinaingia moja kwa moja, nenda na kile cha zamani mkononi na kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, pima kabla hujalipa. Ila CG za mwanzo umeme wake ni volti 6, ukifunga balbu za 12 bila kubadilisha koili na regulata zitawaka kama kibatari.

Wengine wananiambia haya mambo ya wazungu, ya watu wenye hela. Mbona asili yake ni watu wasio na hela! Vijana wa Uingereza miaka ya 50 na 60 walikuwa na pikipiki moja tu ya kwendea kazini, wakapunguza uzito, wakashusha usukani ili wakimbizane kutoka mgahawa hadi mgahawa, ndo jina la kafe resa likatoka humo. Marekani baada ya vita vya pili watu walivua madigadi na kila kisichohitajika wakabaki na mashine nyepesi. Walitumia walichonacho, na sisi tuna vyetu. Tangi la ile ya Nanyamba nimeliwekea nembo ya mpingo, mzee mmoja mchongaji wa Kimakonde alinichongea sura ndogo kama kiganja, mpingo ni mti mzito unazama kwenye maji, ukiupiga msasa na mafuta ya nazi unang'aa mweusi hata rangi hauhitaji. Hiyo huipati dukani popote.

Kadi ya usajili nayo isisahaulike. Umebadilisha injini au rangi, nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, ukabadilishe taarifa, na namba ya chesesi pale shingoni usiiguse na msasa hata kidogo maana ikifutika mashine yako haina mwenyewe.

Alafu hii "ikishapigwa rangi imeisha". Hapa pwani hewa yenyewe ina chumvi, ukienda Msimbati ukakimbia ufukweni lazima uoshe jioni hiyo hiyo na maji ya bomba, kisima cha chumvi hakisaidii, na cheni uipake oili ikishakauka. Na mashine mpya kutoka mezani inalegea yenyewe kwa mtetemo. Ile DT safari yake ya kwanza nilisimama Mikindani, nikasimama tena Mnazi Mmoja, nikapitisha spana kila boliti, ya kushikia injini ilikuwa imelegea robo mzunguko. Nikaikaza, nikaendelea Lindi.