Uanagenzi mgodini: acha "Husika na kichwa cha habari hapo juu"

Tangazo la uanagenzi wa mgodini likitoka tu, kwangu hapa Makorora, mjini Tanga, hakukaliki. Vijana wanakuja na bahasha za kaki zimebanwa kwenye kerea ya baiskeli. "Shikamoo mwalimu, naomba unitazamie barua yangu." Marahaba, lete. Sijaifungua na tayari naijua: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 21, mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa."

Hilo la kufanya kazi bila kusimamiwa lifute leo hii. Mwanagenzi anayejisifu kuwa hahitaji msimamizi mgodini anamtisha kila fundi anayemsoma.

Nilikuwa fundi mitambo kwenye migodi ya Kanda ya Ziwa kabla ya kurudi Tanga kufundisha, na zaidi ya mara moja niliitwa kwenye meza ya kuchuja maombi. Mchujaji mara nyingi si mtu wa ofisini. Ni fundi aliyetolewa karakana, ana rundo la bahasha mbele yake na lori limemngoja juu ya jeki. Uaminifu wako hana namna ya kuupima kwenye karatasi. Anachotafuta ni kimoja: huyu ameshashika nini kwa mikono yake?

Na vijana wa Tanga wameshashika vingi, ila hawaviandiki. Mwezi uliopita alinijia mmoja kutoka upande wa Korogwe, amemaliza NVA Level II, yaani cheti cha ufundi stadi daraja la pili, ya ufundi mitambo. Barua yake ndiyo hiyo hiyo ya "mchapakazi". Nikamuuliza, tangu umalize chuo umekuwa ukifanya nini? "Sina kazi mwalimu, nipo nipo tu." Nipo nipo wapi? "Namsaidia baba mdogo kwenye korona."

Kwa asiye wa mkoa huu, korona ni ile mashine ya kuchakata mkonge. Majani yanaingia upande mmoja, ngoma zenye visu zinayaponda na kuyakwangua, maji yanapita, nyuzi zinatoka upande wa pili. Ina mota, mikanda, shafti na beringi, na yote yanaloa maji yenye utomvu unaokula chuma. Kijana anabadilisha beringi za mashine kama hiyo, kisha anasema hana kazi! Mashine ya kusaga mawe mgodini na mikanda ya kubebea mawe ina matatizo ya ukoo huo huo: vumbi, unyevu, mtikisiko na grisi iliyosahaulika. Vivyo hivyo kwa aliyepata kibarua kwenye machimbo ya chokaa ya Amboni, au aliyefanya fildi kiwanda cha saruji Pongwe. Kule kuna mgodi wa mawe tayari, hata kama hakuna dhahabu.

Nikamwambia afute aya nzima, aandike mashine gani, aliifanyia nini, kwa vifaa gani, na nani alikuwa akimsimamia. Akarudi na hii: "Kuanzia Januari nimekuwa msaidizi wa fundi kwenye korona. Nimebadilisha beringi za mota, nimekaza na kulinganisha mikanda, na napaka grisi kwa ratiba ya kila wiki." Mistari mitatu tu, lakini mchujaji ataachia chai yake asome.

Kuna wanaochanganya mambo mawili. Mafunzo tarajali ni ya mhitimu anayekwenda kuonja kazi kwa miezi kadhaa. Uanagenzi ni kujifunza fani yenyewe, sehemu chuoni na sehemu kubwa kazini chini ya fundi, mpaka upimwe. Migodi yetu imeshaujaribu mtindo huu: mwaka 2009 kampuni kubwa za madini, kupitia chemba yao, yaani chama kinachoziunganisha, zilishirikiana na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuanzisha mafunzo ya namna hiyo pale VETA Moshi. Fani zinazotafutwa ni mitambo mizito, umeme wa viwandani, umeme wa magari, uchomeleaji, ufundi wa mashine za kuchenjulia. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 nazo zinazitaka kampuni za madini zionyeshe mipango ya kuajiri na kufundisha wazawa. Lakini usijidanganye, migodi mingi hutanguliza vijana wa vijiji vinavyoizunguka. Wewe wa Ngamiani hapa Tanga utapita kwa ujuzi, huna kijiji cha kukubeba.

Kama umejifunzia gereji ya mtaani na huna cheti, nenda VETA uulizie urasimishaji wa ujuzi. Wanakupima unachokijua, ukifaulu wanakupa cheti. Nimeona mafundi wazuri wakiogopa kwenda eti watachekwa. Hakuna anayecheka.

Kuhusu makaratasi niseme kilichonipata mwenyewe. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Ramadhani, cha kidato cha nne kikaandikwa Ramadhan, bila "i" ya mwisho. Ombi langu la kwanza kabisa lilirudishwa kwa herufi hiyo moja, na nilipofika kwa wakili kula kiapo, tarehe ilikuwa imepita. Kwa hiyo leo, kabla tangazo halijatoka, tandaza mkekani cheti cha kuzaliwa, cha NECTA, cha VETA na namba ya NIDA, usome jina lako herufi kwa herufi. Umri nao ni sheria: chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, hata awe fundi kiasi gani.

Ukiitwa kwenye usaili, hesabu zake si za kutisha. Gia yenye meno 20 inaizungusha yenye meno 60; ya kwanza ikizunguka mara 90, ya pili inazunguka mara ngapi? Mara 30. Lori lina mfumo wa volti 24, betri ni za volti 12, utaziungaje? Mbili, kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Beringi imeandikwa 6205, tundu lake la ndani ni milimita ngapi? Chukua tarakimu mbili za mwisho, 05, zidisha kwa 5, ni 25. Wachomeleaji wataulizwa kwa nini fimbo za kuchomelea za 7018 hutunzwa kwenye joto. Ni kwa sababu zikinyonya unyevu weldi inaweza kupasuka baadaye.

Penye kuangusha watu ni mezani kwa vitendo. Tuliweka pampu ndogo na mota yake, tukamwambia kijana: beringi imekufa, anza kazi. Wengi waliruka moja kwa moja kwenye spana, na wengine walikuwa na mikono myepesi kweli, raha kutazama. Tukawakata maksi wote. Mmoja alisimama, akazunguka meza, akauliza, "Umeme wake unazimwa wapi?" Akaonyeshwa swichi, akazima, akaomba kufuli, akafunga, ufunguo akautia mfukoni mwake. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia ahakikishe mota imekufa kweli. Hapo ndipo akagusa spana. Alikuwa mzito wa mikono, na beringi hakuimaliza kwa muda uliopangwa. Tulimchukua.

Vipimo vya afya vitakuja: macho, masikio, mapafu, na kwa fundi umeme uwezo wa kutofautisha rangi za nyaya. Mkojo nao utapimwa. Bangi ya wiki iliyopita inaweza kuonekana, msije mkasema sikuwaambia.

Na yule anayekutumia ujumbe wa WhatsApp kwamba fomu ya mgodi ni elfu thelathini, utume kwenye namba ya mtu binafsi, ni tapeli. Mgodi hauuzi fomu. Mama mmoja jirani yangu aliuza mbuzi kwa ajili ya ujumbe wa namna hiyo.

Yule wa korona amerudi jana jioni na barua yake ya tatu. Safari hii ameandika mpaka namba ya beringi za mota, 6312. Nikamuuliza tundu lake, akajibu milimita 60 bila kufikiri. Nimemrudishia aongeze jina na simu ya baba mdogo kama msimamizi wake, maana wakipiga ni yeye atakayeulizwa.