Kabla hamjamwaga zege la tuta mtaani

Mtaa ukiwekwa lami, furaha haimalizi mwezi. Vumbi limekwisha, makorongo yamekwisha, na sasa bodaboda zinapita kama mshale. Foleni ikishika Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo, magari nayo yanachepuka na kukatiza kwenu. Siku moja mtoto anaponea chupuchupu. Jumapili vijana wanachangishana hela ya saruji, Jumatatu mtaa unaamka na tuta.

Hasira yao naielewa. Lakini sisi wahandisi wa barabara tunayaogopa matuta hayo, na si kwa sababu ya kibali tu.

Tuta la kienyeji huwa jembamba, ubavu umesimama kama ukuta. Gari dogo linasugua tumbo. Dereva anafunga breki ghafla, anavuka, kisha anakanyaga mafuta kufidia muda, na mwenye nyumba ya jirani anakesha na kelele. Bodaboda wala hapunguzi: anautafuta upenyo uliobaki kati ya tuta na mtaro, na hapo ndipo wanafunzi wanapotembea. Likizibwa hadi ukingoni bila njia ya maji, masika yakija maji yanatuama nyuma yake, lami inalainika, na baada ya msimu mna tuta na shimo pamoja.

Tuta la kitaalamu ni pana kuliko watu wanavyodhani. Umbo linalojulikana zaidi, lililofanyiwa majaribio Uingereza miaka ya 1970, lina mgongo wa mviringo wenye kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, na kutoka linapoanza kupanda hadi linapoishia kushuka ni kama mita 3.7. Gari dogo lote, matairi ya mbele na ya nyuma, linakaa juu yake kwa wakati mmoja. Ukienda kilomita 30 kwa saa unavuka kwa raha. Ukienda 50 linakurusha. Na lisikae peke yake. Tuta moja katika mtaa mrefu linampunguza dereva hapo tu, mbele anafidia.

Kwa nini 30, wakati sheria yetu inaruhusu 50 maeneo ya makazi? Piga hesabu ya dereva anayechukua sekunde moja kushtuka, breki nzima, lami kavu. Kwa kilomita 30 gari linasimama ndani ya mita 13 hivi. Kwa 50 linahitaji karibu mita 28. Mtoto aliyekimbilia mpira mita 15 mbele yako, huyo ndiye tofauti yenyewe.

Tuta pia si dawa pekee. Kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule, njia ya miguu yenye vizuizi, au barabara kubanwa kwenye makutano, vyote vinapunguza mwendo. Mpango wa SARSAI wa shirika la usalama barabarani la Amend, uliopata Tuzo ya WRI Ross ya miji mwaka 2019, umeboresha mazingira ya shule Dar es Salaam kwa vitu vya namna hiyo hiyo, vya kawaida kabisa.

Mkitaka tuta, kwanza mjue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017. Pelekeni hoja kwenye mkutano wa mtaa, iandikwe kwenye muhtasari, kisha mtendaji aifikishe kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Barua isiseme tu "magari yanakimbia". Iseme saa ngapi, watoto wanavukia wapi, bodaboda wanatokea upande gani. Mkubaliane pia mapema litakaa mbele ya nyumba ya nani, maana kila mtu hulitaka tuta, ila mbele ya geti la jirani, na nimeona kazi ikisimama kwa hilo huku kifusi kikiwa kimeshashushwa.