"Kaza Tu, Itajifunga" na Dhana Nyingine Zinazopasua Meza

Karibu kila meza iliyopasuka ninayoletewa hufika na maelezo yake tayari: "Fundi, gundi ya siku hizi imechanganywa maji." Mwenye meza kaitengeneza mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani, huko Kahawa Sukari au Syokimau. Mbao ni nzuri, kazi imekula wikendi kadhaa, picha ikatumwa kwenye grupu la familia na pongezi zikamiminika. Januari ikaingia na jua lake, na mwishoni mwa meza ukatokea mwanya wa kupitisha shilingi. Sasa inalaumiwa gundi, linalaumiwa duka la hadiwea, analaumiwa na muuza mbao wa Gikomba. Nikiuliza mbao zilikaaje kabla ya kupakwa gundi, jibu huwa lile lile: "Kulikuwa na kanafasi kadogo tu, lakini nilikaza klampu ikajifunga."

Hapo huwa sina swali lingine.

"Nilikaza, ikajifunga"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikae nayo.

Klampu, yaani kibanio cha skrubu, haitengenezi jointi, pale mbao mbili zinapoungana. Kazi yake ni kuzishikilia mbao mbili ambazo tayari zimekubaliana, zisisogee mpaka gundi ishike. Kama hazijakubaliana, unaukunja ubao kwa nguvu, kisha unaiachia gundi kazi ya kuendelea kuukunja kwa maisha yote ya meza. Na ubao hausahau umbo lake. Chukua saipresi ya inchi sita kwa moja, urefu futi sita, iliyopinda ubavuni milimita tatu tu pale katikati. Kuunyoosha ubao huo kunataka nguvu ya zaidi ya kilo mia moja. Ukienda kwenye nane kwa moja, nguvu hiyo inazidi mara mbili, kwa sababu upana wa ubao ukiongezeka maradufu ugumu wake unaongezeka mara nane. Klampu ya bomba, ile yenye taya zinazoteleza juu ya bomba la chuma, inaziweza kilo hizo bila jasho, ndiyo maana unauona mwanya ukifunga na unafurahi. Kesho yake unatoa klampu. Ile nguvu ya ubao kutaka kurudi hutaitoa. Inabaki ndani ya jointi, inavuta usiku na mchana.

Gundi ya PVA, ile ya kawaida ya mbao, ikishika sawasawa huwa na nguvu kuliko mbao yenyewe, maana ukilazimisha kuachanisha, mbao hupasuka pembeni mwa jointi kabla ya gundi kuachia. Wanaoijua sifa hiyo hudhani basi haishindwi na kitu. Ina udhaifu wake: ikivutwa bila kupumzishwa, hulegea kidogo kidogo. Leo huoni chochote, mwezi ujao huoni chochote.

Sasa tazama mahali meza hizi zinapofunguka. Ni mwishoni, mara chache sana katikati. Anayejifunza kupiga randa kwa mkono huwa anakula mbao zaidi mwanzo na mwisho wa ubao, kwa sababu randa inainama ikiingia na inainama tena ikitoka. Ubao unabaki na kitambi: mbili zikikutanishwa zinagusana katikati na kuachana miisho yote miwili. Unakaza miisho ifunge. Halafu kuna hili la pili: ubao hupoteza unyevu kupitia miisho yake, pale nyuzi zilipokatwa, haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Meza iliyounganishwa Mei, mvua ndefu zikiwa bado zinanyesha, ikifika Januari na Februari miisho inakauka na kusinyaa kabla ya katikati. Pale pale ulipolazimisha ndipo kiangazi kinapovuta. Itaacha kupasuka kwa nini?

Wanaobisha huwa nawaonyesha jointi yenyewe. Ikifunguka iliyokuwa nzuri, utaona nyuzi za mbao zimeng'oka upande mmoja na kubaki zimebanduka na gundi upande wa pili. Hizi ninazoletewa, mwishoni gundi imeganda utando mnene, laini, wenye vitobo vya mapovu, na haikung'oa unyuzi hata mmoja. Pale mbao hazikuwahi kugusana. Gundi ilijaza hewa, na PVA haikuundwa kujaza hewa.

Dawa iko kwenye randa. Ukianza kusukuma, kandamiza mbele. Ukimaliza, hamishia uzito nyuma. Halafu zikunje mbao zako mbili kama kitabu kilichofungwa, zibane pamoja kwenye jiliwa, na upige randa kingo zote mbili kwa mpigo mmoja. Hata kama mkono wako umeegemea upande, ukingo mmoja utatoka na digrii 89 na mwenzake 91, na ukizifungua zikakutana uso unakuwa tambarare. Baada ya hapo simamisha ubao mmoja juu ya mwenzake, ukingo kwa ukingo, uusukume ule wa juu kwa kidole mwishoni. Ukizunguka kirahisi kwa kuegemea katikati, una kitambi, rudi kwenye randa. Ukisita na kukwaruza miishoni, uko salama. Washa tochi ya simu nyuma yake: katikati mwanga upite mwembamba kama karatasi ya daftari, miishoni usipite kabisa. Huo mbonyeo mdogo wa katikati ni wa makusudi, unazifanya klampu zikandamize miisho, na miisho ndiyo inayohitaji msaada kiangazi kikija.

Kipimo changu cha mwisho ni klampu moja, katikati, iliyokazwa kwa vidole viwili, bila gundi. Jointi nzima ifunge kutoka mwisho hadi mwisho. Ikidai mkono mzima kwenye mpini, haijawa tayari. Wengi huniambia "fundi, hiyo ni kazi nyingi." Ni nyingi, ndiyo, lakini ni ndogo kuliko kuipasua meza nzima kwa msumeno na kuanza upya, ambayo ndiyo kazi unayoniletea.

Na tafadhali, mbao ikitoka kwa muuzaji ikiwa na maji usiipeleke kwenye klampu wiki hiyo hiyo. Ipange ndani, weka vijiti katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na uiache wiki kadhaa. Kipimo cha unyevu ni kifaa kidogo, kinauzwa mjini, na mimi sigusi gundi kama kinasoma zaidi ya asilimia 14. Ubao uliounyoosha Jumamosi ukiwa mbichi utakuwa umepinda upya Jumamosi ijayo, na klampu italaumiwa bure.

"Ukikaza sana, gundi yote inatoka"

Hawa ni wale wa upande wa pili. Wanashika klampu kwa woga, wanaikaza mpaka igusane na kuacha. Tufanye hesabu. Watengenezaji wa gundi za PVA hupendekeza kwa mbao laini kama saipresi na paini takriban kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita mraba ya jointi. Kwa mbao ngumu, 12 hadi 17. Meza ya futi sita yenye unene wa inchi moja ina jointi ya sentimita mraba zipatazo 450. Kwa kiwango cha chini kabisa cha saipresi, hizo ni zaidi ya tani tatu kwa jointi moja. Klampu ya bomba ikikazwa kwa mkono hutoa kilo mia kadhaa. Ukiwa nazo sita, hata hujafika.

Kwa hiyo kwenye uso wa meza kubwa huwezi kuimaliza gundi kwa kukaza. Jointi inakosa gundi kwa sababu ulipaka kidogo, au ulipaka ukaenda kupokea simu ikaanza kukauka, au ni mwisho wa ubao ambao hunywa gundi kama mchanga na ulipaswa kupakwa mara mbili. Ukikaza na ukaona shanga ndogo ndogo za gundi zimejipanga kwenye mstari wote, umefika, acha. Onyo la kukaza kupita kiasi lina maana kwenye vijointi vidogo tu, mfano fremu ya mlango wa kabati yenye inchi moja kwa mbili, ambapo G-klampu moja, ile ndogo yenye umbo la herufi G, inaweza kubonyeza mbao yenyewe.

"Klampu tatu zinatosha"

Zinaweza kutosha, kutegemea. Msukumo wa klampu hutawanyika ndani ya ubao kwa pembe ya takriban digrii 45 kila upande. Ubao wa nje ukiwa na upana wa sentimita 15, klampu moja inaulinda mstari wa jointi kwa sentimita 30 hivi, basi meza ya futi sita inataka sita. Ukiwa na vibao vyembamba vya sentimita tano, nafasi hiyo inashuka hadi sentimita kumi na utahitaji klampu kumi na nane. Hapo weka kibao kinene kilichonyooka kati ya klampu na mbao, kitawanye msukumo kwa niaba yako, na idadi itarudi chini.

Wanaobandika klampu zote chini ya meza nao nawasalimia. Bomba likikazwa hupinda, na meza nayo inapinda nalo. Asubuhi unaikuta imejikunja kama gamba la mti. Moja chini, moja juu, zikipishana, na skrubu iangalie katikati ya unene wa ubao. Laza rula ya chuma juu ya uso kabla hujaondoka, si kesho.

"Kabati nazigandisha zote kwa mkupuo mmoja"

PVA inakupa dakika kumi hivi kuanzia unapoanza kupaka, na mchana wa jua kali hata hizo hupati. Kabati lenye mbavu mbili, rafu tatu, juu na chini halipakwi gundi, likapangwa, likanyooshwa na kukazwa ndani ya dakika kumi na mtu mmoja aliyejifungia gerejini. Ligawe. Mbavu leo, rafu kesho. Fanya zoezi zima bila gundi kwanza, klampu zikiwa zimefunguliwa kwa vipimo vyake na kupangwa chini kwa mpangilio wa kuzitumia, na umwite mtu wa kushika upande wa pili. Hata mtoto wa darasa la sita anatosha.

Pia mraba haupimwi kwa jicho. Pima kimshazari kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili. Zisipolingana, sogeza klampu ziinamie kidogo kufuata mshazari ulio mrefu, zitaufupisha. Fanya hivyo gundi ikiwa bado mbichi. Baada ya nusu saa utakuwa unavunja.

Mengine, kwa haraka

"Pangusa gundi na kitambaa cha maji." Maji yanaipunguza nguvu na kuisukuma ndani ya vinyweleo vya mbao, halafu ukipaka vanishi unaona madoa meupe yasiyonyonya rangi. Subiri ikauke nusu, iwe kama jibini, kisha ikwangue na patasi.

"Chuma kinaacha doa kwa sababu klampu ni chafu." Hapana, hata ikiwa mpya. Maji ya gundi yakikutana na chuma juu ya mbao yenye tanini, ile asidi ya asili ya mti, kama mkaratasi na baadhi ya mahogani, hutokea weusi unaozama. Weka karatasi ya nailoni ya mkate katikati. Mifuko ya duka ilipigwa marufuku 2017, lakini mkate bado unakuja na yake.

"Saa moja ikipita iko tayari." Kutoa klampu, pengine, kama jointi haivuti. Kupiga randa au msasa, subiri siku kadhaa: maji ya gundi yamevimbisha mbao karibu na mstari, ukisawazisha sasa, zikikauka utabaki na mfereji unaouhisi kwa kidole. Na asubuhi za Julai gereji za Nairobi hushuka hadi karibu digrii kumi, na gundi nyingi nyeupe hapo hugeuka kuwa chaki. Ngoja saa sita mchana, au ingiza mbao na gundi sebuleni usiku uliotangulia, mwenye nyumba akikubali.

"Nimegandisha vibao vya kukatisha chini ya meza ili isipinde." Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei. Umeufunga upana wa meza kwa urefu wa vibao, itajipasua. Tumia skrubu kwenye matundu marefu, bila tone la gundi.

"Bila klampu za bei hakuna meza." Kabari zilikuwepo kabla ya skrubu. Chukua ubao mgumu mrefu kuliko upana wa meza, pigilia kizuizi kila mwisho, ingiza meza katikati, kisha sukuma kabari mbili zinazoelekeana kwa nyundo, kila moja ipigwe kwa zamu. Zinakaza kuliko unavyofikiri. Kwa miguu ya viti na kona zilizopinda, mpira wa blada wanaofungia mizigo kwenye boda boda unabana vizuri na hauachi alama. Ukitaka za chuma, mafundi wa chuma wa Kamukunji, Nairobi, watakuchomea, ila nenda na bomba lako la robo tatu ya inchi ujaribu pale pale kama taya inateleza bila kuyumba, kabla hujatoa pesa.